Ibn Battuta: Aliziona nchi nyingi, hakumwona mama yake tena

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu Waislamu, Qur'ani Tukufu katika Surat Al-Ankabut inatuhimiza tutembee katika ardhi, tutazame namna Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Kwa upande mwingine, imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) aliiita safari kuwa ni kipande cha adhabu, kwa sababu humnyima mtu usingizi, chakula na kinywaji chake, na akaagiza kwamba msafiri akishamaliza haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake. Mafundisho haya mawili hayapingani. La kwanza linatufungulia njia, na la pili linaiwekea njia hiyo mwisho. Leo tumekusudia kuyatazama maisha ya mtu aliyelishika la kwanza kwa mikono miwili, na la pili likampita kwa miaka ishirini na minne.

Kijana wa Tangier

Jina lake ni Abu Abdillah Muhammad bin Abdillah, wa kabila la Lawata katika Maberiberi, naye ni mashuhuri kwa jina la Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier, kaskazini ya Moroko, mwezi wa Rajab mwaka 703 Hijria, sawa na Februari 1304, katika nyumba ya watu wa elimu iliyotoa makadhi wa madhehebu ya Imam Malik. Tarehe 2 Rajab 725, yaani Juni 14, 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliondoka kwao kwenda kuhiji Makka na kulizuru kaburi la Mtume (SAW) Madina. Hakuwa na mwenzi wa njiani wala msafara wa kufuatana nao. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, naye ameeleza kwamba kutengana kule kuliwatia uchungu wao, na kukamtia uchungu yeye pia.

Mwanzo ulikuwa mzito. Alipofika Bejaia, katika Algeria ya leo, alishikwa na homa kali. Akashauriwa apumzike hadi apone, akakataa. Ikiwa ajali yake imefika, alitaka imkute njiani akielekea Hijazi. Siku nyingine ilimbidi ajifunge juu ya mnyama wake kwa kitambaa cha kilemba ili asianguke kwa udhaifu. Msafara alioambatana nao ulipoingia Tunis, watu wa mji walitoka kuwapokea jamaa zao, huyu akimsalimia huyu, na yule akimuuliza yule hali. Kijana wa Tangier hakusalimiwa na mtu, kwa kuwa hapakuwa na aliyemjua. Akashindwa kuyazuia machozi. Mmoja wa mahujaji akaitambua hali yake, akamsogelea kwa salamu na maneno ya upole, akawa naye mpaka wakaingia mjini.

Ndugu msomaji, tuishike habari hii. Huyu ndiye mtu ambaye baadaye atakaa na masultani wa India na kufika China. Alianza kama anavyoanza mtoto yeyote wa mtu anayetoka kwao mara ya kwanza, akililia salamu.

Mbegu iliyopandwa Misri

Kutoka Tunis alitoka akiwa ameshateuliwa kuwa kadhi wa msafara wa mahujaji. Njiani akaoa, akakosana na mkwewe, akaacha, kisha akaoa tena kabla hajafika Misri. Jambo hili la kuoa na kuacha litamfuata popote aendapo.

Mwaka 1326 alifika Alexandria, akamzuru mchamungu mmoja aitwaye Burhanuddin. Sheikh yule akaona kwamba kijana anapenda kutembea, akamwambia kuwa ndugu zake katika dini walikuwa mmoja India, mmoja Sind na mmoja China, na akamwomba awafikishie salamu zake. Ibn Battuta ameeleza kwamba alistaajabu, maana fikra ya kufika nchi hizo haikuwa imemjia. Tangu siku ile ikamwingia moyoni, na hakuacha kuzunguka mpaka akakutana na wote watatu.

Alijaribu kwanza kuvuka Bahari ya Sham kutoka bandari ya Aydhab, lakini vita vilikuwa vimeifunga njia. Akarudi, akapita Sham, akafunga Ramadhani Damascus na huko pia akaoa, kisha akafuatana na msafara wa mahujaji. Mwezi wa Dhulhija 726, yaani Novemba 1326, akasimama Arafa. Hija ikawa imetimia, mwaka mmoja na nusu hivi tangu aiache nyumba ya wazazi wake.

Njia panda

Hapa ndipo penye mazingatio makubwa ya maisha haya. Wanavyuoni wametofautisha baina ya safari ya faradhi na safari ya hiari. Hija ya faradhi ikishamthubutikia mtu, wengi wao wamesema kwamba wazazi hawana haki ya kumzuia mtoto wao. Ama safari ya hiari, hasa yenye hatari na muda mrefu, ridhaa ya wazazi ni jambo zito. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alimwendea Mtume (SAW) kutaka ruhusa ya jihadi. Mtume (SAW) akamuuliza kama wazazi wake wako hai, na alipojibu kuwa wako hai, akamwelekeza akafanye juhudi yake kwa hao.

Basi kule Makka, mwisho wa mwaka 1326, Ibn Battuta alikuwa mbele ya misafara miwili. Mmoja ulirejea magharibi, kwa baba na mama. Mwingine ulikwenda Iraq. Akapanda ngamia na watu wa Iraq. Tangu hapo aliyokuwa akiyafanya yalikuwa ya hiari yake, hata kama alirudi Makka kuhiji mara nyingine na kukaa huko kusoma. Alijiwekea na kanuni ya kutoipita njia moja mara mbili kila inapowezekana. Mtu mwenye kanuni hiyo, njia ngumu kwake kuliko zote ni ya kurudi nyumbani.

Katika mwambao wetu

Takriban mwaka 1331 alitoka Aden kwa jahazi, akapita Zeila na kuteremka Mogadishu, mji uliotawaliwa na Sheikh Abubakar bin Sheikh Umar. Desturi ya huko ilikuwa kwamba mwanachuoni mgeni apelekwe kwanza kwa sultani. Akaletewa wali wa samli pamoja na vitoweo, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, ndimu za achari, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Karibu miaka mia saba imepita, na bado sinia lile halitakuwa geni kwa mama zetu wa pwani.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Hata hivyo aliona mengi: ndizi, ndimu na zambarau, na nafaka ikiletwa kutoka ng'ambo. Akawaona watu wa madhehebu ya Imam Shafi, wenye dini na kujistahi, na misikiti yao ya mbao iliyojengwa madhubuti. Penye mlango wa msikiti pana kisima na kata ya kutekea maji, na kila anayeingia huosha miguu yake kwanza.

Kisha akafika Kilwa, mji ambao aliusifu kwa uzuri na imara ya majengo yake. Sisi tulijaliwa kuvuka kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani, tukasimama chini ya kuba za Msikiti Mkuu, kisha tukaenda Husuni Kubwa, kasri la sultani yuleyule aliyempokea Ibn Battuta, juu ya jabali linalotazama bahari. Mahali hapo, pamoja na Songo Mnara, paliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 palikuwa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Wengi miongoni mwetu tumehifadhi majina ya miji ya mbali, na Kilwa hatujafika.

Sultani wa Kilwa siku hizo alikuwa Abul Mudhaffar Hasan, aliyelakabiwa Abul Mawahib, yaani mtu wa vipawa. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja, baada ya sala, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha sultani njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Mrithi wake akazikomboa kwa fakiri yule kwa watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Habari hii husimuliwa sana kwa ajili ya ukarimu wa sultani. Sisi tunaona haifai kuipita bila kuwataja wale ishirini. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba sultani huyo alikuwa akizivamia nchi za jirani na kuleta mateka. Wale nao walikuwa na mama zao, na safari yao haikuwa ya kwenda kuona nchi. Msafiri wetu aliyalia machozi yake ya Tunis akayaandika, lakini ya hao hakuyaandika.

India, Maldives na China

Kupitia Oman, Uturuki, nchi za Wamongoli na Asia ya Kati, Ibn Battuta aliufikia mto Indus siku ya kwanza ya Muharram 734, yaani Septemba 1333. Huko Delhi, Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi kwa malipo ya dinari 12,000 kwa mwaka. Binti yake mchanga, ambaye hakuwa ametimiza mwaka, alifariki mara baada ya kufika, akazikwa kwa heshima kubwa. Malipo yale hayakumtosha, kwani madeni yake yalifika dinari 55,000. Kisha akatiliwa shaka na sultani kwa kumzuru sheikh aliyekuwa amemkasirisha mtawala, akawekewa walinzi. Alipookoka, akagawa mali yake, akavaa nguo za kifakiri na kujitenga kwa ibada kwa muda wa miezi. Huenda hapo angaliweza kurudi kwao. Sultani akamwita na kumpa kazi ya ubalozi kwenda China, akaondoka.

Huko Calicut, kusini mwa India, vyombo vilipokuwa tayari, yeye alibaki pwani ili asali Ijumaa. Usiku dhoruba ikavuma, jahazi kubwa lenye zawadi za sultani likavunjika, na chombo kilichobeba watu na mali yake kikatweka na kumwacha. Akabaki na mkeka wa kulalia na dinari kumi. Aliogopa kurudi Delhi bila zawadi wala jibu, ndipo akaelekea visiwa vya Maldives.

Maldives alifanywa kadhi tena, akaoa wake katika nyumba za wakubwa, akawa mkali kwa wanaoacha sala ya Ijumaa, na akaondoka kwa kukosana na waziri. Baadaye alirejea kumchukua mwanawe aliyezaliwa nyuma yake, mtoto wa miaka miwili hivi. Mtoto akaletwa mbele yake. Akatafakari, akaona ni kheri abaki na watu wake, akamrudisha, akapanda chombo. Mimi na wewe, ndugu msomaji, hatukuwa ndani ya moyo wake saa ile, wala hatumhukumu. Lakini mzazi yeyote anaelewa uzito wa hatua zile kutoka kwa mtoto mpaka chomboni.

Katika mji mmoja wa China alikutana na mtu wa Sabta, mji jirani wa Tangier, wa ukoo wa Al-Bushri, aliyekuwa tajiri mkubwa huko. Walipotambuana lafudhi na asili, wakalia wote wawili. Miaka kadhaa baadaye, ukingoni mwa jangwa la Sahara, katika mji wa Sijilmasa, Ibn Battuta alikaribishwa nyumbani kwa ndugu wa mtu huyo. Aliwaona wote wawili, na baina yao pana bahari na nchi zote alizozipita.

Habari alizozikuta

Mwaka 1348 alikuwa tena Damascus. Alipokuwa India alipata habari kwamba mke aliyemwacha mjini humo akiwa mjamzito alijifungua mtoto wa kiume, naye akampelekea babu wa mtoto dinari 40 za dhahabu. Sasa jambo la kwanza alilouliza lilikuwa habari za mtoto huyo. Akajibiwa kwamba amefariki miaka kumi na miwili iliyopita. Kisha akamkuta mwanachuoni mmoja wa Tangier, akamuuliza habari za kwao. Akaambiwa kwamba baba yake amefariki miaka kumi na mitano nyuma, na kwamba mama yake yu hai.

Yu hai! Mwaka huohuo tauni kuu ilikuwa ikizifagia nchi. Hapo Damascus aliwaona watu wakifunga siku tatu, kisha siku ya Ijumaa wakitoka kwa miguu, wakubwa kwa wadogo, Waislamu na misahafu yao, Mayahudi na Taurati yao, Wakristo na Injili yao, wakimlilia Mwenyezi Mungu awaondolee balaa. Yeye akapita Misri, akahiji tena, kisha akageuka magharibi. Novemba 1349 alikuwa amekwisha kuingia Moroko. Katika mji wa Taza, kabla hajafika Fez, akapewa habari kwamba mama yake naye amechukuliwa na tauni. Miaka ishirini na minne ya kungoja ilikuwa imekatika karibu na mwisho wake. Akaenda Tangier, akalizuru kaburi.

Hakutulia hata hivyo. Mwaka 1350 alivuka kwenda Andalusia. Mwaka 1352 akalikata jangwa la Sahara hadi Mali, ambako aliona watu wakivaa nguo nyeupe safi siku ya Ijumaa na wakiwatuma watoto kutandika mikeka msikitini mapema, kwani aliyechelewa hakupata nafasi. Akasifu usalama wa nchi ile, haki, na bidii ya kuhifadhisha watoto Qur'ani. Mwishoni mwa 1353 alikuwa njiani kurudi kwa amri ya Sultani Abu Inan, naye hakusafiri tena mbali.

Kitabu, na mahali palipobaki

Sultani huyo akamwamuru mwandishi Ibn Juzayy kuyaandika aliyoyasimulia. Ibn Battuta akamaliza kuyasimulia Desemba 1355, na kitabu hicho ndicho kijulikanacho kwa ufupi kama Rihla. Si kitabu cha kupokelewa bila kupimwa. Mengi katika sifa za Makka na Madina yamechukuliwa kutoka kwa Ibn Jubayr aliyemtangulia, na watafiti wanajadiliana juu ya sehemu za China. Lakini kwa habari za mwambao wetu za karne ile, ni shahidi ambaye hana wa kulinganishwa naye. Wanaokadiria njia zake wanataja kilomita zaidi ya 115,000. Alimalizia umri wake akiwa kadhi katika mji wa Moroko, na inatajwa kwamba alifariki mwaka 770 Hijria, yaani 1368 au 1369. Uwanja wa ndege wa Tangier leo umepewa jina lake.

Katika kitabu hicho amesema jambo moja ambalo tumelifikiria sana. Anamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba amepata alichokitaka katika dunia, nacho ni kutembea katika ardhi. Kisha anasema kilichobaki ni kile cha Akhera, anachokitumainia kwa rehema ya Mola wake. Baada ya nchi zote zile alijua kwamba pako mahali pamoja hajapaona, na kwamba huko hakufikiwi kwa jahazi wala ngamia.

Ndugu zetu, hatuandiki haya kuwazuia vijana wasitoke. Wapo watoto wetu Muscat, Dubai, London na Toronto, na wengi wao hawakwenda kutazama miji, wamekwenda kutafuta riziki ya hao hao wazazi. Hilo ni jema na lina malipo yake. Wala hatulinganishi hali zao na ya Ibn Battuta, ambaye habari ya msiba ilimchukua miaka kumi na mitano kumfikia. Leo sauti ya mama inafika kwa dakika moja. Tunawakumbusha tu zile adabu za msafiri walizozitaja wanavyuoni: alipe madeni yake au aweke wa kuyalipa, arejeshe amana za watu, aandike wasia, awaachie masurufu wanaomtegemea, na achukue radhi za wazazi wake. Na anapopita mahali pa haja yake akataka kwenda mbele zaidi, asimame kwanza ajiulize: haja iliyonitoa nyumbani imekwisha au bado? Ikiwa imekwisha, agizo la kurejea liko palepale.

Na kwa yule ambaye wazazi wake wamekwisha tangulia, mlango haukufungwa. Amepokea Abu Daud kwamba Mtume (SAW) aliulizwa kama upo wema wa kuwafanyia wazazi baada ya kufa kwao. Akajibu kwamba upo: kuwaombea dua na msamaha, kutimiza ahadi zao, kuunga udugu waliouacha, na kuwakirimu rafiki zao. Ibn Battuta alipofika Tangier hakumkuta mama, alikuta kaburi, na haya yote yalikuwa bado mikononi mwake. Yamo pia mikononi mwetu, hata kuanzia Ijumaa ya leo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarudishe salama wasafiri wetu, awape umri wazazi waliobaki, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.